Sindano ya Ndita Hudumu kwa Muda Gani? Hotuba kwa Wapambaji wa Maharusi

Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam na daktari wa ngozi mbele ya wapambaji wa maharusi na wasusi. Inachapishwa yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kutoroka: nawashukuru kwa kunialika. Kwa wote walionizidi umri, shikamooni.

Katibu wenu aliponipigia simu aliniambia kwamba swali mnaloulizwa na maharusi, na zaidi na mama zao, limekuwa moja tu: ile sindano ya kuondoa mikunjo ya uso inakaa muda gani? Akaniomba nilijibu kwa nusu saa. Jibu lenyewe halihitaji nusu saa. Katikati ya nyusi, pale tunapokunja ndita, sindano hiyo hudumu miezi 3 hadi 4. Ningeweza kukaa sasa hivi tukaendelea na chai. Lakini ninyi ni watu wa kazi, na mtu wa kazi hatosheki kuambiwa miezi 3 bila kujua inahesabiwa kuanzia lini, inaishaje, kwa nini kwa mmoja ilifika 5 na kwa mwingine ikaishia wa 2, na kwa nini yupo mtu hapa mjini anayeahidi mwaka mzima.

Tuanze na kilichomo ndani ya sindano. Jina mnalolijua ni Botox. Hilo ni jina la biashara la bidhaa moja, ingawa watu hulitumia kwa bidhaa zote za aina hiyo, kama wengi wetu tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Zipo nyingine, kama vile Dysport na Xeomin. Zote zinatokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, iliyosafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo, nimesema sumu, na ninaona mikono miwili mitatu imekwenda usoni. Tulieni, nitalifafanua.

Mwezi Desemba mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, kikundi cha wapiga muziki kilipiga katika mazishi, kisha wakaketi kula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Baada ya muda wakaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikashuka, wakashindwa kumeza. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem alilichunguza paja lile na miili ya marehemu, na humo akamgundua bakteria ninayemsema. Miaka zaidi ya 70 kabla yake, daktari mmoja wa Ujerumani aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, alikuwa ameshaeleza ugonjwa huo kutokana na soseji zilizoharibika, akajaribu sumu hiyo kidogo juu ya mwili wake mwenyewe, na akaandika kwamba huenda siku moja ikawa dawa. Jina la bakteria huyo limetoka huko huko, kwa kuwa botulus kwa Kilatini ni soseji.

Mtaniuliza: kwa nini unawaletea watu wa harusi habari za msibani? Kwa sababu jibu la swali lenu limo msibani humo. Mgonjwa wa sumu hii anayenusurika hapati nafuu kwa siku mbili tatu. Huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, hata pale ambapo sumu yenyewe haipo tena katika damu. Kama sumu imekwisha, ni kitu gani kinachochelewa? Kinachochelewa ni ukarabati.

Niwape picha ya watu wa pwani. Mwisho wa kila mshipa wa fahamu, pale unapokutana na msuli, pana gati. Ndani ya mshipa mna madau madogo, vifuko vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini. Ukitaka kukunja ndita, madau hayo husogea gatini, hufungwa kamba, hushusha mzigo, na msuli hupokea amri na kujikunja. Moja ya kamba hizo ni protini ambayo wataalamu wameipa jina SNAP-25. Sumu hii huingia ndani ya mshipa na kuikata kamba hiyo. Madau yapo, mizigo ipo, lakini hayawezi kufunga gatini. Msuli unasubiri amri isiyofika, na kwa kukosa amri unalegea. Msuli haujafa. Mshipa haujafa. Kamba tu ndizo zimekatika.

Na mwili haukai ukaangalia. Mshipa huanza kutoa vichipukizi, kama mwarobaini uliokatwa shina, na vichipukizi hivyo hubeba ujumbe kwa muda, polepole na kwa udhaifu. Baadaye gati la zamani husukiwa kamba mpya, kazi ya kawaida hurejea, na vichipukizi hujirudisha. Watafiti walioufuatilia mchakato huu kwa panya mwishoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba gati la zamani lilirejea kikamilifu katika muda wa miezi 3 hivi. Mnaiona hesabu inavyolingana na ndita zetu?

Ninyi ni mafundi wa hina. Hina hufifia kwa sababu ngozi ya juu hupukutika, na ndiyo maana mnamshauri biharusi asisugue mikono wala asioshe vyombo. Watu wanadhani na sindano hii hufifia hivyo hivyo, wakaanza kuogopa maji ya moto, sabuni na kunawa uso. Hapana. Hina hufifia, hii huponwa. Mwili unajiponya kutoka kwenye kazi ya sindano, na hakuna krimu ya kupaka juu ya ngozi itakayouambia mshipa wa fahamu uache kujikarabati. Anayewauzia krimu ya kurefusha sindano anawauzia krimu.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana hapa ndipo ninapogombana na wateja. Miaka michache iliyopita, siku ya Ijumaa saa 10 jioni, alikuja binti mmoja akiwa na hina mikononi, mbichi kabisa, imefungwa mifuko ya nailoni, akiwa na shangazi yake. Harusi ilikuwa kesho yake. Shangazi akasema, "Daktari, mchome huyu, akilia ukumbini asionekane na mikunjo." Nikawaeleza kwamba nikimchoma leo, kesho hataona mabadiliko ya maana, ila anaweza kupata alama ndogo ya damu kuvilia ngozini, hapo hapo ambapo mpiga picha ataelekeza kamera. Shangazi hakuniamini. Walikwenda kwa mtu mwingine, na sikusikia habari zao tena mpaka binti aliporudi baada ya wiki 3 kunionyesha uso wake, laini kama yai, akiwa amekasirika kwamba uzuri wote ulifika wakati wageni wameshatawanyika.

Basi kumbukeni: sindano ya leo si uso wa leo. Kulegea huanza kuonekana kati ya siku ya 2 na ya 5, na hukamilika karibu na siku ya 14. Mimi humtaka biharusi aje wiki 4 kabla ya shughuli. Wiki 2 ni za kusubiri ikamilike. Zinazobaki ni za kurekebisha, kama nyusi moja imepanda kuliko nyingine, maana hutokea. Akifanya hivyo, siku ya kuagwa, siku ya ndoa na zile ziara za baada ya ndoa zote zitaangukia katika kipindi bora, ambacho ni mwezi wa kwanza na wa pili.

Halafu inaishaje? Haikatiki kama umeme. Inarudi kama maji ya mgao: kwanza matone, kisha mchirizi, na siku moja unafungua bomba unakuta yanatoka. Karibu na mwezi wa 3 mteja ataona kwamba akikasirika, upande mmoja wa nyusi unasogea kidogo. Kufikia mwezi wa 4, kwa walio wengi, ndita zimesharudi. Na zinarudi pale zilipokuwa, hazizidi. Mama zangu wengi husema, "Nilipoacha, uso ulizeeka ghafla." Uso haukuzeeka ghafla, mama. Uliuzoea ule uliolegea, ukausahau wa kwako.

Jambo jingine hamtalisikia kwa wauzaji. Sindano hii inalegeza mkunjo unaosababishwa na msuli kujikunja. Mkunjo ambao umeshajichora katika ngozi, ule unaobaki hata mtu akiwa amelala, ni kama mkunjo wa kanga iliyokaa kabatini miaka mingi, ambayo hata ukiitandika kitandani mstari haupotei siku hiyo hiyo. Mteja wa namna hiyo atasema kwamba kwake sindano haikudumu hata wiki, kumbe haikuwa na uwezo wa kuuondoa mstari ule tangu mwanzo. Mwambieni mapema.

Kwa nini basi watu hutofautiana? Niwapeleke Vancouver, nchini Kanada, mwaka 1987. Dawa hii wakati huo ilikuwa ya macho. Daktari Alan Scott wa San Francisco alikuwa ameitumia kunyoosha macho ya watu wenye makengeza, na mwaka 1980 alichapisha matokeo yake kwa binadamu. Huko Vancouver, Jean Carruthers, daktari wa macho, alikuwa akiitumia kwa watu ambao kope zao hujifumba zenyewe bila hiari. Mgonjwa mmoja alilalamika kwa nini safari ile hakuchomwa katikati ya nyusi, kwa sababu kila alipochomwa hapo uso wake ulionekana hauna wasiwasi. Jean alirudi nyumbani na kumsimulia mume wake Alastair, ambaye alikuwa daktari wa ngozi na alikuwa akihangaika na ndita za wateja wake. Mtu wa kwanza waliyemchoma kwa ajili ya urembo alikuwa mpokezi wao wa wageni. Waliandika matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha Botox kwa mikunjo ya katikati ya nyusi.

Tazameni kwamba kalenda ya miezi 3 ilijulikana kabla ya urembo kuanza. Wagonjwa wale wa kope walikuwa wakirudi kila baada ya miezi michache, si kwa kupenda, bali kwa sababu macho yalianza kujifumba tena. Wao hawakuwa na sababu ya kujisifia wala ya kujidanganya mbele ya kioo.

Tofauti kati ya mtu na mtu hutokana, kwanza kabisa, na kipimo. Kwa ndita, kipimo cha kawaida cha Botox ni uniti 20, zinazogawanywa katika sehemu 5, uniti 4 kila sehemu. Ukipunguza, unapunguza na muda. Pili ni nguvu ya msuli. Wanaume wengi wana misuli mizito ya nyusi na huhitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa hiyo kaka zetu wa mlangoni msishangae mkiambiwa bei tofauti. Niliwahi kuwachoma ndugu wawili wa tumbo moja, siku moja, kichupa cha aina moja, kipimo kilekile. Mkubwa alirudi baada ya miezi 3 kasoro, mdogo baada ya 5. Mkubwa ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na nadhani ndita zake zimepata mazoezi ya miaka 20, ingawa hilo ni dhana yangu tu.

Tatu ni sehemu ya mwili. Kwapani, ambako dawa hii hutumika kuzuia jasho linalopita kiasi, mara nyingi hudumu miezi 6 au zaidi. Huko haishughuliki na msuli bali na mishipa inayoamrisha tezi za jasho. Na uniti za bidhaa moja si sawa na uniti za bidhaa nyingine, kama vile kibaba si pishi. Mtu akikwambia, "Mimi nilichomwa 50, wewe 20 tu, umepunjwa," muulize kwanza 50 za nini.

Na je, hakuna inayodumu zaidi usoni? Ipo. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha bidhaa iitwayo Daxxify, ambayo katika majaribio ilidumu miezi 6 hivi kwa nusu ya watu waliochomwa. Makofi ya nini? Subirini kwanza.

Zamani, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilimchoma mama mmoja, na nikaingiza sindano chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Baada ya siku chache kope yake ya kushoto ilishuka, jicho likabaki nusu. Lilikuwa kosa langu, si la dawa. Alikuja kliniki amevaa miwani meusi, akaivua mezani kwangu bila kusema neno. Nilimpa matone ya macho yanayoinua kope kidogo, lakini nilimwambia ukweli: hakuna dawa ya kuiondoa iliyokwisha kuingia, tunasubiri kamba zisukwe. Baada ya wiki 5 kope ilirudi, kwa kuwa kiasi kilichofika pale kilikuwa kidogo. Wiki zile 5 nilizihesabu kwa siku. Ndiyo maana, mtu anapotamani sindano ya miezi 6, mimi huikumbuka kwanza ile miwani. Muda mrefu wa uzuri ni muda mrefu wa kosa pia.

Nije kwa yule anayeahidi mwaka. Anaweza kuwa anasema juu ya kitu kingine kabisa, yaani sindano za kujaza, ambazo huongeza ujazo wa midomo au mashavu na ambazo nyingine hukaa miezi 6 hadi mwaka na zaidi. Hizo hazilegezi msuli. Kuchanganya mambo haya mawili ni kama kuchanganya wanja na kope za kubandika kwa kuwa vyote vinakaa jichoni. Au hajui anachokisema. Au anajua vizuri sana.

Hebu tufanye hesabu ya kichupa. Kichupa cha kawaida kina uniti 100. Ukikishika juu ya taa utadhani kitupu, kwa sababu dawa iliyokaushwa ni utando mwembamba tu chini ya kioo. Huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukishaichanganya na maji ya chumvi ya hospitali, maelekezo ya mtengenezaji yanasema itumike ndani ya saa 24, kwa mgonjwa mmoja. Ndita zinakula 20. Zinabaki ngapi? Themanini. Na hizo 80 ndizo zinazoleta vishawishi: kuzilaza wiki kadhaa, kuzigawa kwa wanawake 8 badala ya 4 kwa kuongeza maji, au kuchangishana kichupa kama upatu sebuleni kwa mtu. Chai iliyoongezwa maji bado ina rangi ya chai. Mteja atalegea kidogo, wiki 6 zikipita amesharudi kuulalamikia mwili wake, akiamini damu yake haishiki dawa.

Huo ni wizi mdogo. Mkubwa ni huu. Mwaka 2004, katika jimbo la Florida nchini Marekani, watu 4 walichomwa sumu ya maabara ya utafiti, isiyoidhinishwa kwa binadamu, kana kwamba ni dawa ya urembo. Kichupa cha aina ile kilikuwa na sumu nyingi mara maelfu kuliko kichupa cha dawa. Wote 4 walilazwa wakiwa wamepooza, wakipumua kwa mashine, na kupona kwao kulikwenda kwa kalenda ileile ya kamba na gati, miezi kwa miezi. Mwaka 2024, huko huko Marekani, mamlaka za afya zilitoa tahadhari nyingine baada ya watu wa majimbo kadhaa kuugua kutokana na Botox bandia na sindano za majumbani. Wakubwa wenye maabara zao yamewafika. Je, sisi ambao kichupa hutujia kwenye begi la mkono kutoka safarini, bila friji, bila risiti? Mteja ana haki ya kukiona kichupa kabla hakijafunguliwa, kusoma jina na tarehe, na kuuliza kama bidhaa hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na naomba, kwa upendo wote nilio nao kwenu, asiwepo mpambaji atakayejifunza kuchoma sindano hii kwa video.

Mambo mawili ya haraka. Mjamzito na anayenyonyesha hawachomwi, wala mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli unaoitwa miasthenia. Biharusi muulizeni faraghani, si mbele ya mama mkwe, mnajua ninachosema. Na asirudie kabla ya miezi 3, hata kama ana haraka na pesa anazo, kwa kuwa kuchomwa mara kwa mara kunaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili, yaani kinga ya kuipinga dawa yenyewe, na ikifika hapo sindano haitadumu hata siku moja.

Kwa wale wenye harusi za Desemba: kama ndoa ni tarehe 19, aje kwangu kati ya tarehe 17 na 21 Novemba, na aje kabla hajapakwa hina, ili niweze kumpa mkono. Sasa nitajibu maswali. Naona mama yangu wa safu ya pili, mwenye kanga ya kijani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kwapa. Karibu mama, kipaza sauti kinakuja.